Jitu Zima na Treni Zake: Mazungumzo na Wapenzi wa Reli Ndogo na Jamaa Zao, Unguja

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu mnaotengeneza treni ndogo, na nyinyi jamaa zao mliokubali kuja ingawa shughuli yenyewe hamuipendi: ahsanteni sana. Nimeombwa nizungumze na wenzangu wa reli, lakini maneno yangu mengi leo nawaelekezea nyinyi jamaa. Sisi kwa sisi tunaelewana. Mmoja wetu akisema mota yake inakwama kwenye kona, wenzake wote wanainama naye kuitazama. Akirudi nyumbani na mota ile ile mfukoni, ndipo maneno yanapoanza.

Maneno yenyewe tumeyahifadhi. "Jitu zima lacheza vigari." "Wenzako wanasimamisha nyumba Fuoni, wewe wasimamisha steshini ya panya." "Mke utamlisha reli?" Mabinti wachache walio pamoja nasi wanaambiwa makubwa zaidi, kwa sababu wao hulaumiwa mara mbili, kwa kucheza na kwa kushika bisibisi. Mimi ni fundi umeme. Mchana nashughulika na pampu, majenereta na viyoyozi vya mahoteli ya shamba, na usiku nikipata nafasi nakaa mezani na treni. Nina mke, nina watoto, nina wazee wa kuwaangalia. Maneno hayo yamenifika na mimi, tena harusini, mbele ya watu.

Nianze na lile dai kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Hili linajibika kwa tarehe tu. Seyyid Barghash bin Said alitawala kuanzia 1870 hadi 1888. Mwaka 1879 alitandaza reli ya maili 7 kutoka Mji Mkongwe kwenda kwenye kasri lake la Chukwani. Mwanzo mabehewa yalivutwa na nyumbu, na mwaka 1881 akaagiza injini ya mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza. Wakati huo Mombasa haikuwa na reli; ile ya kwenda Uganda ilianza kujengwa 1896. Tanga nako Wajerumani walianza 1893. Treni ya mvuke imefika Unguja kabla ya pwani yote hii.

Seyyid Barghash alipofariki njia ile iling'olewa. Ikaja ya pili. Mwaka 1905 serikali iliipa kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney, kazi ya kujenga reli kutoka mjini hadi Bububu, nayo maili 7. Ngome Kongwe, pale pale tunapokwenda kusikiliza muziki, iligeuzwa ghala la vifaa vya ujenzi huo. Gari lile lilipita ndani ya mitaa ya Malindi, ubavuni mwa nyumba za watu, likabeba abiria mpaka miaka ya 1920, magari ya barabarani yalipolipokonya kazi. Leo Unguja haina treni hata moja inayotembea. Basi kijana wa Kikwajuni anayekata plaiwudi usiku kutengeneza gari la Bububu anashughulika na khabari za mji wake mwenyewe, khabari ambazo watoto wengi wa skuli hawajapata kusimuliwa.

Wengi wenu mmeiona meza ikiwa imekwisha, taa zinawaka, treni inazunguka, mkasema "mchezo". Hamjaiona inavyofanywa, kwa hiyo niwaeleze kidogo.

Kipimo wanachokitumia watu wengi duniani ni 1 kwa 87. Chukua reli mpya ya SGR ya Dar es Salaam kwenda Dodoma, ile Rais Samia aliyoizindua Agosti 1, 2024. Upana wake kati ya chuma na chuma ni milimita 1,435. Gawa kwa 87, unapata milimita 16.5, na huo ndio upana wa njia mnayoiona mezani. Sasa chukueni njia ya Bububu, ambayo ndiyo tunayoijenga mezani. Maili 7 ni zaidi ya kilomita 11. Ukigawa kwa 87 unabaki na mita 129. Chumba gani cha kupanga kina mita 129? Kwa hiyo inabidi uchague: nini kibaki, nini kiachwe, wapi umbali ufupishwe bila ya macho ya mtu wa mjini kukataa. Sisi tumeweka Ngome, tumeweka uchochoro wa Malindi, tukaruka sehemu kubwa ya njia, tukamalizia na mashamba ya Bububu. Mabishano juu ya nini kiachwe yamechukua muda mrefu kuliko kupigilia misumari.

Halafu kuna suala la injini. Picha za kale zipo, zinaonyesha gari likipita Malindi, lakini picha haina futi. Tulilolifanya ni hili. Katika picha moja kuna nyumba ambayo bado imesimama. Tukamwomba ruhusa mwenye nyumba, tukapima mlango wake kwa futi kamba, urefu na upana. Mlango ukishajua kimo chake halisi, unarudi kwenye picha, unaupima kwa rula, na chochote kilichosimama karibu na ukuta ule ule unaweza kukikadiria. Kikiwa mbele zaidi ya ukuta kitaonekana kikubwa kuliko kilivyo, na hapo lazima upunguze kwa hesabu. Bakhti njema uchochoro ni mwembamba, gari linakaribia kugusa nyumba, kwa hiyo kosa linakuwa dogo. Mlango wa mita 2 kwetu unakuwa milimita 23. Misumari ya shaba ya mlango ule tumeitia kwa ncha ya pini iliyochovywa rangi, nukta moja moja, mtu akizuia pumzi. Anayefanya kazi hiyo ni karani wa bandarini, mtu mzima, baba wa watoto. Mkimuona nje hamtajua.

Na huku kwetu kuna tabu ambayo wenzetu wa Ulaya hawaijui vizuri: upepo wa bahari. Njia ikikaa bila kutumika inaota uchafu, umeme haupiti, treni inashtuka na kusimama. Kila mara lazima upitishe kitambaa chenye spiriti juu ya chuma. Umeme wenyewe ukikatika, unasubiri.

Sasa niseme juu ya ajira, maana najua wazazi ndilo mnalolingojea.

Treni hizi hupata umeme kwenye reli mbili, moja chanya, moja hasi, volti 12. Njia ikiwa duara la kawaida hakuna tatizo. Lakini tuseme unataka gari lifike Bububu, ligeuke, lirudi mjini kwa njia ile ile. Unaikunja njia mwishoni ijirudie yenyewe. Ukiifuata kwa kidole utaona reli ya kulia imezunguka ikakutana na reli ya kushoto. Chanya imekaa juu ya hasi. Shoti hapo hapo, transfoma inajizima. Dawa yake ni kukata reli zote mbili pale kitanzi kinapoanza na pale kinapomalizika, kitanzi ukakipa umeme wake kupitia swichi yake, na treni ikiwa ndani ya kitanzi unageuza umeme wa njia kubwa, ili ikitoka ikute chanya iko upande wake. Mimi nimewahi kumuona mtoto wa skuli ya sekondari anakifikiria kitanzi hiki jioni nzima na penseli, mpaka akakipata bila ya kuambiwa. Mtoto yule alikuwa ameshaelewa kitu ambacho wengine nimelazimika kuwafundisha wakiwa na cheti mkononi.

Nimepokea vijana wengi wa kujifunza ufundi. Wako wanaokuta pampu haiwaki, wakaanza kubadilisha vipuri kwa kubahatisha, na kila kipuri ni fedha ya mwenye mali. Na wako wanaouliza kwanza: umeme umefika wapi, umepotea wapi? Wanaigawa njia katikati, wanapima, wanaigawa tena. Aliyewahi kulala chali chini ya meza ya treni, tochi mdomoni, akitafuta waya mmoja uliolegea kati ya nyaya mia, huwa wa kundi la pili. Hili nalisema kwa niliyoyaona kazini.

Na si umeme peke yake. Marekani, kwenye chuo cha MIT, kuna klabu ya treni ndogo iliyoanzishwa mwaka 1946. Wanafunzi waliokuwa wakishughulikia nyaya na ishara chini ya meza, kwa vifaa vya simu vilivyotumika, ndio waliokuja kuzivamia kompyuta za mwanzo za chuo kile mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1962 kundi la vijana hao likatoa Spacewar, mmoja katika michezo ya mwanzo kabisa ya kompyuta. Ujerumani, ndugu wawili pacha, Frederik na Gerrit Braun, walikuwa na ukumbi wa disko mjini Hamburg. Mwaka 2000 mmoja wao akapita kwenye duka la treni ndogo huko Zurich, mapenzi ya utotoni yakarudi. Mwaka uliofuata wakafungua Miniatur Wunderland, na leo ndiyo reli ndogo kubwa kuliko zote duniani, inaajiri watu mia kadhaa.

Lakini hapa nataka wenzangu wa reli mnisikilize kwa makini, kwa sababu nakuja kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama. Msiende mkawaambia wazee wenu kwamba treni ni mradi. Msiseme "mama, nitafungua kama wale wa Hamburg". Msimwambie baba mkwe kwamba hii ni mafunzo ya kazi. Ujuzi unakuja, ni kweli, nimetoka kuueleza, lakini unakuja kwa sababu mtu ameipenda shughuli. Ukiitetea kwa ahadi ya fedha, mwakani utaulizwa fedha iko wapi, na haki ni yao kuuliza. Shughuli hii ina uzito wake hata isipoingiza senti. Ni haki ya mtu mzima aliyekwisha timiza wajibu wake kuwa na kitu anachokifanya vizuri kwa kukipenda.

Wazee wangu, nendeni kwenye baraza yoyote ya mjini baada ya alasiri. Mtawakuta watu wazima wenye wajukuu wanacheza bao mpaka maghrib inaadhiniwa. Kete zinahesabiwa, mtu ananuna akifungwa, anarudi kesho. Hakuna anayesema "jitu zima lacheza kete". Tunasema fulani ni bingwa wa bao, na tunamheshimu, kwa sababu tunaijua akili inayotakiwa pale. Naomba kijana wa treni apimwe kwa kipimo hicho hicho. Kama anafika kazini, kama anasali, kama mama yake hajalala na njaa, basi saa zake za usiku ni zake kama zilivyo saa za baraza.

Lipo neno la israfu, na hili silipuuzi hata kidogo. Vifaa hivi vinatoka nje, vinalipiwa usafiri, vinalipiwa ushuru, vinavuka na boti kuja huku. Mtu anaweza kumaliza mshahara kwa injini moja. Wazee wanaokemea hapo wanakemea jambo la kweli. Rai yangu kwa wenzangu ni kali: ada ya skuli, kodi, chakula, deni la watu na haki ya wazazi vitoke kwanza, na treni ikae kwenye kilichobaki. Kisipobaki kitu, tumia plaiwudi, boksi, mota za mashine mbovu. Uchochoro wetu wa Malindi umejengwa karibu wote kwa maboksi ya viatu. Na mzigo ukifika, uingie nyumbani kwa mlango wa mbele, na bei yake isemwe. Wapo wanaoweka vifurushi kwa rafiki ili mke asijue. Mke akija kujua, na atajua, hatagombana na treni. Atagombana na uongo, na hapo mimi sitamtetea mtu.

Kwa mabarobaro: yasemeni haya kabla ya posa kujibiwa. Walt Disney, yule wa katuni, alipotaka kujenga reli ya bustanini nyumbani kwake Los Angeles, mnamo 1950, reli kubwa ya kupandwa na watu, alimwandalia mkewe Lillian na mabinti zake mkataba wa maandishi wa ruhusa ya njia. Na pale njia ilipopita kwenye maua ya mkewe, alichimba handaki ipite chini. Injini yenyewe akaiita Lilly Belle, kwa jina la mke. Mkataba ule ulikuwa na mzaha ndani yake, lakini handaki lilichimbwa kweli, na maua hayakuguswa. Nyumba ni ya wawili. Sebule ni ya wageni. Ukitaka kona, iombe.

Yuko mwingine, Rod Stewart, mwimbaji wa Uingereza, ambaye kazi yake ilikuwa kusafiri mwaka mzima. Alijenga mji wa Kimarekani wa miaka ya 1940 kwa zaidi ya miaka 20, na kwenye safari za maonyesho alikuwa akiombewa chumba cha ziada hotelini akae na majengo yake madogo. Namtaja kwa wale wanaosema kwamba mwenye kazi hapati nafasi.

Jengine ni vile visanamu vya watu vinavyowekwa steshini. Wapo wazee wasiovipenda ndani ya nyumba kwa sababu za dini. Sioni sababu ya kushindana nao. Meza yetu haina mtu hata mmoja, ina nyumba, mikarafuu, mikokoteni na nguo zilizoanikwa, na mji unaonekana una watu wake. Ukimheshimu mzee katika hilo, atakusikiliza katika mengine.

Ami yangu ndiye aliyenisema harusini. Ni mtu aliyefanya kazi bandarini tangu ujana wake, akasomesha ndugu zake wote, baba yangu akiwemo. Kwa miaka mingi nilidhani ananidharau. Siku moja nilimuuliza kwa adabu, tukiwa wawili tu, ami, unakhofia nini hasa? Akaniambia juu ya jamaa mmoja wa zamani aliyeacha watoto kwa ajili ya starehe zake, na namna yeye ami alivyobeba mzigo ule. Kila akinitazama mimi, alikuwa anamuona yule jamaa. Tangu hapo nilijua la kufanya: nilimpelekea khabari za nyumba kwanza kila nilipomtembelea, watoto, skuli, dawa za bibi, na treni sikuitaja mpaka aiulize. Mpaka leo haipendi. Hajapata kuja kuitazama. Lakini hanisemi tena mbele ya watu, na mimi hilo linanitosha.

Halati yangu, mdogo wake mama, alikuja kwa njia nyingine. Alikuja kutazama, akakaa kimya, kisha akasema majamvi yetu ya kuanikia karafuu ni mabaya. Tulikuwa tumekata karatasi tukaipaka rangi. Akaenda nyumbani, akachana ukindu kwa wembe mpaka ukawa kama uzi, akasuka jamvi dogo kuliko kidole gumba changu, na miraba ndani yake. Kisha akasuka jengine. Sasa ndiye anayetukagua, na akisema kitu si sawa, tunakibomoa. Sikumshawishi kwa hoja hata moja. Nilimfungulia mlango tu, na yeye akaiona kazi kwa jicho la msusi.

Kwa hiyo wenzangu, msijifungie. Fungueni milango, waiteni jamaa, wapeni kiti, waacheni wakosoe. Na mzazi ambaye mtoto wake anapenda treni za kweli, akitaka kuzisomea, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kipo Dar es Salaam, boti ni za kila siku, na nchi hii sasa inahitaji watu wa reli kuliko wakati wowote niliouona mimi. Usimkatishe tamaa kwa kumwambia kisiwani hakuna treni.

Ombi moja kwa wazee kabla sijakaa. Mnazo kumbukumbu za gari la Bububu mlizosimuliwa na wazee wenu: lilisimama wapi, lilibeba nini, watu wa Malindi waliishi nalo vipi pale dirishani. Huenda kuna picha kwenye masanduku, au tiketi ndani ya msahafu wa bibi. Tunaomba tuzinakili, na tutazirudisha siku ile ile. Sehemu yetu ya Bububu bado ina pengo kubwa, hatujui tuweke nini, na sisi hatutaki kubuni.

Ahsanteni sana. Maswali ya jamaa tuyachukue kwanza, ya mafundi yatafuata.